Nchi Imesema: Habari za Walimu wa Maseno na Haki za Watu wa Kavirondo

Katika kijitabu hiki cha jubilii wenzetu wamekwisha kuandika habari za makanisa yaliyojengwa, na za makasisi waliotutangulia, na za shule na hospitali. Sisi tumepewa kuandika jambo jingine lisilo na nguzo wala paa, nalo ni jinsi walimu wa kawaida wa nchi yetu, wenye mshahara mdogo na wasio na cheo, walivyojifunza kudai haki ya watu wao kwa barua, na kwa baraza, na kwa kusimama mbele ya wakubwa pasipo silaha mkononi. Habari hizi zaendelea miaka mingi, lakini moyo wake ni miaka michache tu, tangu 1919 hata 1923. Na ndiyo miaka tutakayokaa nayo zaidi.

Kwanza tuseme neno juu ya jina. Wasomaji vijana hawalijui tena jina la Kavirondo. Ndilo jina ambalo Wazungu, na kabla yao wafanya biashara wa pwani, waliwaita watu wanaokaa upande wa mashariki wa ziwa la Victoria, yaani Wajaluo na Waluyia. Leo twasema Nyanza na Magharibi. Walakini katika barua na vitabu vya zamani vyote jina ni Kavirondo, nasi tutalitumia tunapotaja mambo ya siku zile.

Shule ya Maseno ilianzishwa na Church Missionary Society mwaka 1906, kwa kazi ya Bwana J. J. Willis, ambaye baadaye, mwaka 1912, alifanywa Askofu wa Uganda. Hata mwaka 1921 nchi hii ilikuwa chini ya Askofu wa Uganda, ndipo ikahamishwa kuwa chini ya Askofu wa Mombasa. Wanafunzi wa kwanza wengi wao walikuwa wana wa machifu. Wazee wetu walipenda kusimulia ya kuwa mwaka 1908, shule ikiwa bado changa, wanafunzi waligoma kwa sababu walipewa kazi nyingi ya mikono na masomo machache. Wengine hucheka wakisikia habari hiyo. Sisi twaona si jambo la kuchekwa, maana vijana wale walikuwa wamekwisha kutambua ya kuwa kusoma ni nguvu, na ya kwamba mtu aweza kunyimwa nguvu hiyo hata na watu wenye nia njema.

Vita vya 1914 hata 1918 viliipiga nchi yetu sana, ingawa mizinga ililia mbali. Vijana wetu walichukuliwa kwa maelfu kuwa wapagazi wa jeshi, katika kikosi kilichoitwa Kariakoo, wakabeba mizigo mpaka nchi ya Wadachi. Wengi hawakurudi, nao waliokufa walikufa zaidi kwa kuhara na homa na njaa kuliko kwa risasi. Waliorudi walikuta njaa nyumbani, na baada ya njaa ule ugonjwa wa mafua makali wa 1918. Tena walikuta kodi imeongezwa. Kabla ya vita kodi ya nyumba ilikuwa rupia 3. Wakati wa vita ikawa 5. Mwaka 1920 ikawa rupia 8, ndizo shilingi 16 ilipokuja fedha ya shilingi. Na kodi ile ilihesabiwa kwa nyumba. Basi mjane mwenye kibanda chake alidaiwa vilevile, naye hana mume wa kwenda kutafuta kazi.

Juu ya hayo ikaja amri ya kazi. Mwaka 1919 Gavana mpya, Sir Edward Northey, mtu wa jeshi, aliwasili Nairobi. Masetla walikuwa wakilalamika kwamba hawapati watu wa kulima kahawa na katani, tena Serikali yataka kuleta masetla wapya, yaani askari Waingereza waliomaliza vita. Tarehe 23 Oktoba 1919 ilitoka barua ya Serikali kwa ma-D.C. wote, imetiwa sahihi na John Ainsworth, Mkuu wa mambo ya Wenyeji. Barua iliagiza ya kwamba maofisa watumie kila njia halali kuwasukuma wanaume wenye nguvu waende kazini katika mashamba ya Wazungu. Na wanawake na watoto walio karibu na mashamba wahimizwe nao. Na majina ya machifu yaandikwe, wanaosaidia na wasiosaidia, yapelekwe kwa Gavana.

Mtu asomaye maneno hayo leo aweza kusema, Mbona imeandikwa "halali"? Lakini tufikiri kidogo jinsi neno linavyoshuka. D.C. amwambia chifu, Serikali yapenda vijana waende kazini, nami nitaandika jina lako. Chifu arudi nyumbani akijua kwamba cheo chake kimo katika karatasi ile. Amwita mzee wa mtaa, amwambia, Nataka vijana 20 kesho kutwa. Mzee wa mtaa hana karatasi yo yote. Ana fimbo tu, na adui zake anawajua. Basi kufika kwa mama aliye shambani, ule ushauri wa halali umekwisha kuwa kamba. Huo ndio ubaya wa sheria isiyosema waziwazi: aliye juu huweza kukana, na aliye chini hana pa kushitaki. Tena Bwana Ainsworth mwenyewe alikuwa P.C. wa Kisumu miaka mingi, na watu wa Kavirondo walimhesabu kuwa rafiki. Ndiyo maana sahihi yake iliwaumiza zaidi.

Mwaka uliofuata sheria ikaongeza ya kwamba mwanamume ambaye hakufanya kazi ya mshahara muda wa miezi mitatu katika mwaka aweza kutakiwa kufanya kazi ya Serikali siku 60 kwa malipo. Hiyo ni mbali na kazi ya bure ya kijijini, ambayo sheria ya 1912 iliwaruhusu machifu kuwataka watu wazima wanaume, siku zisizozidi 24 katika mwaka.

Je, Kanisa lilisema nini? Hapa yatupasa kuandika kweli, hata katika kijitabu cha furaha. Askofu Heywood wa Mombasa, na Askofu Willis wa Uganda, pamoja na Dr. J. W. Arthur wa Misioni ya Waskoti, walitoa waraka mwaka ule ule wa 1919. Waliona hatari, wakaieleza vema: wakasema machifu watatumia nguvu, na wanawake watapata madhara. Lakini hawakuikataa kazi ya lazima yenyewe. Walisema kwamba kama ni lazima watu walazimishwe, heri iwe kwa sheria ya wazi, yenye mpaka, kwa wanaume wenye afya tu, na kwanza kwa kazi za faida ya wote. Twajua ya kuwa walikuwa wakitafuta kupunguza madhara. Hata hivyo kuna tofauti kubwa kati ya kusema, "Mzigo huu mpunguze," na kusema, "Mzigo huu si haki."

Aliyelisema neno la pili alikuwa Frank Weston, Askofu wa Zanzibar. Yeye alijua mzigo ni nini, maana mwaka 1916 aliwaongoza mwenyewe wapagazi wa Unguja katika vita, akitembea pamoja nao kwa miguu. Mwaka 1920 alipiga chapa kijitabu huko Uingereza, akasema ya kuwa Waafrika wa makoloni wanafanywa watumwa wa Uingereza kwa jina jingine, na ya kuwa kumlazimisha mtu kumtumikia mwenye shamba kwa faida ya mwenye shamba ni kinyume cha dini. Kanisa lake la Mkunazini limejengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, soko lililofungwa mwaka 1873; basi maneno yake hayakutoka mbali. Huko London Bwana J. H. Oldham, katibu wa umoja wa misioni, akawakusanya maaskofu na wabunge wakapeleka malalamiko kwa Waziri wa Makoloni. Mwisho wake, Septemba 1921, Winston Churchill, aliyekuwa Waziri wakati ule, alituma agizo kwamba maofisa wa Serikali wasijishughulishe tena kuwatafutia watu wenye mashamba vibarua. Amri ya Northey ikawa imevunjika, angalau katika karatasi.

Hayo yalisemwa na wakubwa, nayo yameandikwa katika vitabu vingi. Lakini habari tunayotaka kuisimulia hasa si ya maaskofu. Wakati maaskofu walipokuwa wakiandikiana, walimu wa vijijini walikuwa na kazi yao, ambayo hakuna gazeti lililoipiga chapa. Mwalimu wa shule ndogo ya nyasi ndiye mtu peke yake katika mtaa aliyejua kusoma risiti ya kodi. Mzee akija na karatasi tatu kuukuu amezifunga katika kipande cha nguo, ni mwalimu amwambiaye, "Hii ni ya mwaka juzi, hii ya mwaka jana, nawe umelipa, usikubali kulipa mara ya pili." Mke wa mtu aliyekufa katika Kariakoo akitaka kuuliza habari ya mshahara wa marehemu, ni mwalimu amwandikiaye. Kijana akirudi kutoka Nairobi au Kericho na kipande kisichotiwa sahihi, ni mwalimu amwelezaye hatari yake. Kazi hiyo ilifanywa jioni, baada ya kengele ya shule, bila malipo. Na pengine ilimletea mwalimu chuki ya chifu. Twaamini ya kuwa humo ndimo walimu walimojifunza siasa, wala si katika vitabu.

Tumetaja kipande, na tukieleze, maana watoto wetu hawakukiona. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutumika baada ya vita. Kila mwanamume Mwafrika aliyepita umri wa miaka 16 aliandikwa jina lake, na kabila yake, na chifu wake, akachukuliwa alama za vidole. Karatasi ikatiwa katika kibweta cha chuma chenye uzi, naye akakivaa shingoni. Humo bwana wa kazi aliandika siku aliyomwajiri, na mshahara, na siku aliyomwacha. Asipotia sahihi ya kumwacha, mtu yule hawezi kuajiriwa mahali pengine. Na akiondoka bila sahihi ni mhalifu, atafutwa na polisi kwa alama za vidole vyake. Mshahara ukiwa umeandikwa shilingi 8, bwana wa pili huona hana haja ya kutoa 10. Mzungu hakuvaa, wala Mhindi. Wazee walikifananisha na njuga ya mbuzi, na hatuoni kwamba walikosea.

Mwaka 1921 bei za mazao ya nje zilianguka, na masetla wakapatana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa sehemu moja katika tatu, wakati kodi imekwisha kupanda. Huko Nairobi Harry Thuku, karani wa simu katika ofisi ya Hazina, aliwakusanya watu wa makabila mbalimbali katika chama alichokiita East African Association. Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku ya pili yake na ya tatu watu walikusanyika mbele ya kituo cha polisi wakitaka aachiliwe; tarehe 16 polisi walipiga bunduki, na kwa hesabu ya Serikali watu 21 walikufa. Kati yao alikuwa mwanamke, Mary Muthoni Nyanjiru, ambaye ndiye aliyewatia wanaume aibu kwa kukaa kimya. Thuku alipelekwa Kismayu bila kuhukumiwa, asiachiliwe mpaka miaka minane ikapita.

Walimu wetu walikuwa wamekwisha kuanza kabla ya damu ile. Tarehe 23 Desemba 1921, siku mbili kabla ya Krismasi, ulifanyika mkutano mkubwa mahali paitwapo Lundha, katika Gem. Walioitisha walikuwa wanafunzi wa zamani wa Maseno, na wengi wao walikuwa walimu. Mwenyekiti alikuwa Jonathan Okwiri, mwandishi Benjamin Owuor, mtunza fedha Simeon Nyende. Chama chao waliita Young Kavirondo Association, lakini watu wakakiita kwa Kijaluo Piny Owacho, yaani "Nchi imesema." Jina hilo lina maana kuliko lile la Kiingereza. Hawakusema, "Vijana wamesema," wala "Wakristo wamesema." Walisema nchi, na kweli wazee na hata machifu wengine walikuja, maana mambo yaliyoletwa yaliwagusa wote.

Nayo yaliyoletwa ni haya. Waliomba kipande kiondolewe. Waliomba kodi ipunguzwe, na wanawake wasitozwe. Waliomba kambi za kukusanyia vijana wa kazi zivunjwe. Waliomba machifu waongezewe mshahara, nao wapate machifu wakuu wa kuisemea nchi, na baraza lao wenyewe. Waliomba shule ya Serikali, kwa maana hawakutaka elimu iwe mkononi mwa misioni peke yake. Na wasomaji wasione vibaya, maana walioomba walikuwa wana wa misioni. Waliomba hati za mashamba, kila mtu shamba lake. Na zaidi ya yote waliuliza sababu gani nchi yao, iliyoitwa Protectorate, yaani nchi iliyo chini ya ulinzi, imegeuzwa Koloni mwaka 1920 bila wao kuulizwa. Kwa watu wengi maneno haya mawili yaweza kuonekana kuwa mamoja. Lakini walimu wale waliona mbali: mlinzi halindi shamba akalifanya lake; na kama nchi ni mali ya Mfalme, basi mwenyeji ni mpangaji tu.

Serikali iliogopa, hasa baada ya mambo ya Nairobi. Hata hivyo haikupiga bunduki Nyanza. Tarehe 8 Julai 1922 Gavana Northey mwenyewe alikuja Nyahera, karibu na Kisumu, akakutana na watu. Tufikiri hali ya walimu wale. Gavana ana medali na askari. Wao wana karatasi. Mishahara yao yatoka misioni, nayo misioni yapata fedha ya shule kwa Serikali. Neno moja likikosewa, kazi imekwisha. Hata hivyo waliyasema yote. Gavana alikubali kambi zivunjwe, na kodi ikapunguzwa toka shilingi 16 mpaka 12. Kipande hakukiondoa, Koloni alikataa kabisa kuibadili, hati za mashamba hazikutolewa. Kabla ya mwaka kwisha Northey mwenyewe aliitwa kurudi Uingereza, akaja Sir Robert Coryndon mahali pake.

Sasa twafika kwa Arkidikoni Walter Edwin Owen, ambaye jina lake laheshimiwa sana katika nchi yetu, tena labubujisha maneno kila litajwapo. Alikuja Uganda mwaka 1904, akahamia Kavirondo mwaka 1918. Alikuwa mtu wa kazi nyingi. Hata mawe ya watu wa kale aliyachimba akayapeleka kwa wataalamu. Mwaka 1923 aliwaendea viongozi wa chama, nao wakamkubali awe rais wao. Jina likabadilishwa, likawa Kavirondo Taxpayers' Welfare Association, chama cha usitawi wa walipa kodi. Wanachama waliahidi kuchimba vyoo, na kuua panya kwa ajili ya tauni, na kupanda miti, na kutunza maji safi, na kujiepusha na ulevi. Mambo ya haki yalibaki, lakini yaliandikwa kwa barua na kupelekwa kwa utaratibu. Mikutano mikubwa kama ule wa Lundha ilipungua.

Watu wamehukumu jambo hili kwa njia mbili. Wengine husema Owen alikiokoa chama, maana wakati ule Thuku yuko Kismayu, na viongozi wa Maseno wangeweza kumfuata. Wengine husema alikinyang'anya meno: badala ya kuuliza kwa nini nchi ni Koloni, watu wakahesabu mikia ya panya. Sisi twaona yote mawili yana kweli ndani yake. Choo si jambo dogo kwa mama aliyezika watoto wawili kwa kuhara. Lakini si haki kumwambia mtu kwamba atasikiwa juu ya shamba lake akiisha kuchimba choo. Haki ya shamba haina choo ndani yake. Tena lilitokea jambo jingine la kusikitisha: kwa kuwa rais wa chama alikuwa Arkidikoni wa Kianglikana, Wakatoliki walijitenga, wakaanzisha umoja wao, na upande wa kaskazini Waluyia wakawa na tawi lao mbali. Nchi iliyosema kwa sauti moja Lundha ikaanza kusema kwa sauti tatu.

Hata hivyo mtu asimfanye Owen kuwa mtumishi wa Serikali. Masetla walimchukia, wakalipotoa jina la cheo chake kwa Kiingereza wakalifanya jina la shetani. Yeye na walimu wake walishughulika hasa na jambo lisilopendeza kutajwa katika hotuba, yaani barabara. Nchi ilitaka barabara za motokaa. Machifu walitakiwa kuzitengeneza kwa kazi ya bure. Sheria, kama tulivyosema, iliwataja wanaume wazima tu. Lakini wanaume wengi wamekwenda Nairobi na Kericho na Mombasa kutafuta fedha ya kodi. Basi waliotolewa shokoa ni wanawake na wasichana, wakibeba udongo kwa vikapu juu ya kichwa, wengine na watoto mgongoni. Owen aliandika kwa D.C., akaandika kwa P.C., asipojibiwa akaandika katika magazeti ya Nairobi, na mwisho katika Manchester Guardian huko Uingereza. Aliwakasirisha maofisa waliokula mezani pake. Twapenda kukumbusha tu ya kuwa barua hizo hazikuanzia katika nyumba ya Arkidikoni. Mzungu mmoja hawezi kujua ni msichana gani alikuwa katika barabara ipi siku ya Jumanne. Ni walimu walioona, wakaleta habari. Sahihi ya chini ilikuwa ya Mzungu kwa sababu dunia ya siku zile haikusoma sahihi nyingine.

Mambo ya kazi ya lazima yalifika mpaka Geneva. Tarehe 28 Juni 1930 mkutano wa kazi wa mataifa ulipitisha mapatano ya kuiondoa kazi ya lazima, na kwa wakati ambao bado ingalipo, yakaagiza wachukuliwe wanaume wenye afya tu, wa umri wa miaka 18 mpaka 45, wala wasizidi siku 60 katika mwaka. Uingereza iliyakubali mwaka 1931. Wanawake wa Kavirondo hawakutajwa kwa jina katika mapatano yale, lakini jambo lao limo.

Mwaka huo huo wa 1931 Ezekiel Apindi wa Kavirondo alikwenda London pamoja na Chifu Koinange wa Kiambu na James Mutua wa Ukambani, wakatoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge juu ya shauri la kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika. Miaka kumi tu ilikuwa imepita tangu Lundha. Na mwaka huo huo dhahabu ikaonekana Kakamega. Sheria ya mwaka 1930 ilikuwa imeahidi kwamba ardhi ya wenyeji ikichukuliwa watapewa ardhi nyingine badala yake, na baraza lao litaulizwa kwanza. Desemba 1932, dhahabu ilipoanza kung'aa, sheria ikabadilishwa upesi, ikasema fedha yatosha, wala hapana haja ya kuuliza baraza. Ahadi ya "milele" ilidumu miaka miwili. Owen alipiga kelele, na makanisa ya Uingereza yakapiga kelele pamoja naye. Lakini sheria iliyobadilishwa haikurudishwa. Tangu hapo wazee wengi wa Kanisa letu walisikiliza neno "ahadi ya Serikali" wakinyamaza kimya.

Owen alifariki mwaka 1945. Jonathan Okwiri alifanywa chifu katika Uyoma. Naye aliyekuwa akiwalalamikia machifu akaona mwenyewe jinsi kilivyo kigumu kiti kile. Mwaka 1947 sheria ya kipande ilibadilishwa, ikaamriwa watu wa makabila yote waandikishwe sawasawa. Na masetla walipoambiwa kwamba wao pia watatoa alama za vidole walilalamika sana, ya kuwa ni aibu kubwa. Walimu wa zamani waliposoma malalamiko hayo katika gazeti, hatudhani walihitaji kuelezwa maana yake. Mwaka huo huo B. A. Ohanga, aliyekuwa mwalimu wa Maseno, aliingia katika Baraza la kutunga sheria la Kenya, akiwa Mwafrika wa pili baada ya Eliud Mathu, aliyeingia mwaka 1944.

Hati za mashamba, zilizoombwa mbele ya Gavana huko Nyahera, zilingoja zaidi. Sheria ya kuandikisha mashamba ya Waafrika ilipitishwa mwaka 1959, miaka 37 baada ya maombi yale. Na katika sehemu nyingi za Nyanza wapima mashamba walifika baada ya nchi kupata uhuru wake.